Kimya Kati ya Chaneli Mbili

Mhadhara kwa wanamuziki na mafundi wa vyombo, Soko la Burma, Nairobi



 Wenye mabucha mna wateja, na wenye bendi mna vyombo vya kufunga kabla jua halijatua, kwa hiyo sitawaweka sana. Nimekuja kuzungumzia kimya kifupi mno: kile kinachomkuta mpiga solo anapokanyaga swichi ili ahame chaneli moja ya priampu kwenda nyingine, akaupiga uzi, na sauti ikakawia kuja.

Kwa ambao si watu wa gitaa, priampu ni sanduku linalopokea sauti changa kutoka kwenye gitaa, ikiwa bado ni sehemu ndogo ya volti moja, likaikuza na kuipa rangi kabla ya kuikabidhi kwa ampu kubwa inayosukuma spika. Nyingi zina chaneli mbili. Moja ni safi, ya kupigia rithim na kumsindikiza mwimbaji. Ya pili ni kali, ina uzito na mlio mrefu, na hiyo ndiyo ya solo. Mpigaji huhama kwa mguu, maana mikono yake yote miwili iko kazini.

Miezi kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea priampu yake ya valvu. Anapiga solo kwenye bendi ya upande huu wa Jogoo Road. Nilimwuliza ina ugonjwa gani, akanijibu, "Mzee, sijui kama mgonjwa ni hii au ni mimi." Kiongozi wa bendi alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba anachelewa kuingia. Yeye akaamini. Akakaa nyumbani wiki mbili akifanya mazoezi na programu ya mapigo kwenye simu, akidhani mkono wake umepoteza wakati. Jambo hilo liliniuma kuliko hitilafu yenyewe, kwa sababu nilipochomeka gitaa langu kwenye sanduku lile nami nilichelewa.

Tuone kwanza hasara yake ni nini. Muziki wetu wa gitaa una mlango. Mwimbaji anasimulia kisa chake, magitaa yanamfuata taratibu, kisha mlango unafunguka na magitaa yanashika usukani. Wakongo waliokaa mjini hapa walituzoesha kuita sehemu hiyo sebene. Kwenye benga, solo hurudia maneno ya mwimbaji kwa nyuzi, halafu linamwacha nyuma na kwenda mbio peke yake. Simba Wanyika waliotoka Tanga, na Les Wanyika waliojitenga nao mwaka 1978, walijenga nyimbo nzima juu ya magitaa yanayopishana bila kugongana, kila moja likijua linaingia wapi. Mchezaji aliye uwanjani anaungoja mlango ule ufunguke. Mwili wake umeshajua kabla ya sikio.

Sasa tupige hesabu. Chukua wimbo unaokwenda mapigo 140 kwa dakika. Pigo moja linachukua milisekunde 429 hivi. Kwenye sanduku la kijana yule sauti ilichelewa karibu milisekunde 600, yaani zaidi ya pigo zima. Au tuseme hivi: sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kuchelewa milisekunde 600 ni sawa na kuichukua spika yako na kuiweka zaidi ya mita 200 kutoka unaposimama, ng'ambo huko barabarani, halafu uambiwe upige solo pamoja na mpiga ngoma aliye karibu yako. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kucheza hivyo. Kiongozi wa bendi alisikia vizuri, ila alimhukumu asiyehusika.

Niruhusuni nitoke kidogo nje ya sanduku, kwa kuwa tumekaa Burma. Jina la soko hili linaturudisha kwa askari wetu wa KAR, yaani King's African Rifles, waliopelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na malaria hadi mto Chindwin. Pamoja na wenye bunduki walikwenda wenye ala. Fundi Konde, mtu wa Pwani aliyezaliwa 1924, aliingia kikosi cha burudani cha jeshi, na akiwa na kundi la Rhino Boys akawapigia askari muziki huko Asia, Burma ikiwemo. Aliporudi alirekodi miaka ya 1940 na 1950, na anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme. Kwa hiyo tunapokaa kwenye soko lenye jina hili tukajadili umeme wa gitaa, tunaendeleza kazi iliyoanzwa na watu waliopita kule.

Ampu za enzi hizo hazikuwa na swichi ya mguu ya kuhamia chaneli. Mpigaji aliyetaka kutoka mbele alikizungusha kidogo kitufe cha sauti kwenye gitaa lake, na kitufe hicho hakichelewi hata kidogo. Nawaambia hili kwa sababu lina faida leo: priampu yako ikikuchelewesha usiku wa kazi, kaa kwenye chaneli kali, punguza sauti ya gitaa wakati wa wimbo, iongeze mlango unapofunguka. Mlio hautakuwa safi kabisa, lakini utaingia kwa wakati. Kuhama chaneli kwa mguu kulienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Mesa/Boogie wa California wakiwa kati ya waliotangulia. Tangu hapo, kati ya uzi na spika, kuna kifaa kinachoamua nani apite. Huyo mlinda lango ndiye tunayemchunguza.

Walinda lango ni wa aina chache. Wapo relei, visumaku vidogo vinavyovuta ulimi wa chuma, na unawasikia wakisema "tik". Wapo transista zinazofungua na kufunga bila kusogea. Na wapo optokapla, ambao nawaonea huruma kwa jinsi wanavyodharauliwa: ndani ya kikasha cheusi kuna taa ndogo ya LED inayotazamana na fotorezista, kipande ambacho ukinzani wake hushuka kikiona mwanga na hupanda gizani. Taa ikiwaka, ukinzani unashuka hadi mamia ya ohmu. Taa ikizima, unapanda hadi mamilioni. Sauti inapita au inazuiwa kwa mwanga tu, bila kugusana na kitu. Ni ubunifu mzuri sana. Lakini fotorezista lina tabia ya jicho la binadamu anayetoka juani na kuingia chumba chenye giza: mwanga huuona upesi, giza hulizoea polepole. Kuwaka huchukua milisekunde chache. Kuzima, kwa aina nyingine, huchukua sehemu kubwa ya sekunde, na zipo zinazopita sekunde nzima.

Fundi mwenye haraka hufungua skrubu kabla ya kusikiliza. Kijana yule alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu. Mmoja alibadilisha valvu, mwingine akabadilisha pedali, wa tatu akasema gitaa ndilo bovu. Pesa zikaenda na kimya kikabaki. Mimi naomba tuanze na saa. Kimya kina urefu, na urefu huo ni ushahidi.

Kupima hakuhitaji mashine ya gharama. Weka simu yako karibu na pedali, kwenye programu ya kurekodi inayoonyesha mawimbi ya sauti. Piga uzi mmoja mfululizo, haraka haraka, bila kuacha, kisha kanyaga swichi. Simu itanasa mlio wa swichi na itanasa sauti ilipokatika na iliporudi. Vuta picha ya mawimbi, soma muda. Rudia mara tano. Ukiona milisekunde 5 au 10, hiyo ni relei nzima inafanya kazi yake, nenda ukapige muziki. Ukiona 20 hadi 60 kwenye sanduku la kidijitali, ndivyo lilivyoundwa: prosesa inapakia mpangilio mpya, na dawa yake ni kupanga sauti zako zote mbili ndani ya mpangilio mmoja badala ya kuruka kutoka huu hadi ule. Ukiona sehemu kubwa ya sekunde, na sanduku ni la analogi, kuna kitu kinajaa au kinamwaga umeme polepole, au kuna fotorezista linalozoea giza.

Habari ya kujaa na kumwaga nataka muishike, maana ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi za namna hii. Kapasita ni tangi, rezista ni bomba. Ukizidisha ukubwa wa tangi kwa wembamba wa bomba unapata muda. Kapasita ya mikrofaradi 0.022 pamoja na rezista ya megaohmu 1 hutoa milisekunde 22. Weka mikrofaradi 1 mahali pale pale, na muda unakuwa sekunde nzima. Na tangi halijatulia mpaka muda huo upite mara tatu, nne, hata tano. Watengenezaji wengine huweka saketi ya kuziba sauti kwa makusudi wakati wa kuhama, ili mlio wa "tap" usisikike, nao huipangia muda kwa kapasita na rezista. Rezista za zamani za kaboni hupanda thamani zikizeeka. Bomba linazidi kuwa jembamba, na kile kimya cha milisekunde 40 kilichopangwa kiwandani kinarefuka mwaka hadi mwaka. Mwenye ampu hatambui ilianza lini.

Baada ya urefu, sikiliza kama kimya kinautii mkono wako. Hama chaneli, kisha piga uzi kwa upole sana. Hama tena, piga kwa nguvu. Sauti ikija papo hapo unapopiga kwa nguvu lakini isije unapopiga kwa upole, mtuhumiwa ni mguso mchafu: ulimi wa relei au jeki yenye kutu nyembamba, ambayo sauti ndogo haiwezi kuipenya. Hapa Eastlands, pamoja na vumbi na moshi wa makaa, hitilafu hii ni ya kila wiki. Lakini ikiwa sauti inakuja kwa muda ule ule, upige taratibu au kwa hasira, mguso hauna hatia. Hapo anayeamua ni saa, na saa maana yake ni kapasita au mwanga.

Kisha uliza njia. Je, kimya kipo ukitoka safi kwenda kali, na pia ukirudi? Kipo ukitumia pedali tu, au hata ukibonyeza kitufe cha kwenye sanduku? Kikiwapo kwa pedali peke yake, usifungue priampu. Fungua pedali na waya wake. Kipo mezani mchana, au ukumbini usiku tu? Hili la mwisho limeniokoa mara nyingi. Umeme wetu unaandikwa volti 240, lakini ukumbi wenye friji nne, taa za rangi na laini ndefu kutoka kwa jirani unaweza kushuka vibaya. Relei ya volti 12 mara nyingi hulishwa na kidhibiti kinachotaka volti mbili na zaidi juu ya hizo kumi na mbili. Umeme wa nje ukishuka, kidhibiti kinapungukiwa, sumaku inavuta kwa uvivu au inasitasita. Ukipeleka sanduku hilo kwa fundi mchana, atakuambia ni zima, naye hasemi uongo.

Nirudi kwa sanduku la kijana. Milisekunde 600, mkono mwepesi au mzito. Kwa pedali na kwa kitufe. Kwenda chaneli kali kulikuwa na kimya. Kurudi safi hakukuwa nacho. Na sauti haikuja kwa mshituko. Ilipanda, kama mtu anayefungua mfereji taratibu. Kabla sijagusa skrubu nilikuwa nimeshashuku mwanga.

Hapa nasimama kidogo, na vijana naomba mnitazame. Priampu ya valvu hubeba volti 250, 300, hata zaidi, na kapasita zake huzishika baada ya plagi kuchomolewa. Nimeona vijana wakizimwaga kwa bisibisi, cheche zikaruka, wakacheka. Msifanye hivyo. Chukua rezista ya kilo-ohmu 10 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, ifungie waya wenye ngozi nzuri na kibanio, mwaga kapasita taratibu, kisha thibitisha kwa mita kwamba volti zimeshuka chini ya 5. Unapolazimika kupima umeme ukiwa umewaka, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Hatuna fundi wa ziada hapa.

Nilifungua kifuniko, nikawasha, nikajaribu tena. Chaneli kali haikuja kabisa. Nikaona ajabu. Meza yangu iko karibu na tundu la bati, na saa hiyo mwali wa jua ulikuwa unaangukia ndani ya sanduku. Nikatandaza kitambaa cheusi juu yake. Sauti ikarudi, tena kwa kimya kifupi kuliko mwanzo. Nikaondoa kitambaa, ikapotea. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Ni nadra sana hitilafu kukuonyesha jina lake waziwazi hivyo.

Chini ya ubao nilikuta kwamba optokapla ya asili ilishaondolewa. Mahali pake fundi fulani alikuwa amefunga LED ya kawaida na fotorezista kubwa la aina ya taa za usalama zinazojiwasha usiku, akavizungushia utepe mweusi ambao sasa ulikuwa umelegea kwa joto. Simlaumu. Fotorezista hizi hutengenezwa kwa kadimi, Umoja wa Ulaya umeibana kadimi katika vifaa vya elektroniki, na optokapla halisi zimekuwa adimu. Ukizunguka maduka ya Luthuli Avenue kutwa nzima unaweza kurudi mikono mitupu. Alitumia alichokuwa nacho. Lakini fotorezista la taa ya usalama limeumbwa lingoje machweo, na machweo hayana haraka. Kazi yake ndani ya sanduku ilikuwa kuziba chaneli kali kwa kuipeleka ardhini wakati chaneli safi inatumika. Kuziba lilikuwa linaziba upesi, maana kuona mwanga ni rahisi kwake. Kuachia ndiko kulikolishinda, na kuachia ndiko kunakotakiwa mlango wa wimbo unapofunguka.

Niliamua kuweka relei ndogo iliyofungwa pande zote, ya volti 12, yenye koili inayokunywa miliampea 12 hivi. Kiasi hicho saketi iliyokuwa inawasha LED iliweza kukitoa bila kulemewa, baada ya kuondoa rezista iliyokuwa inaipunguzia LED umeme. Juu ya koili nikaweka dayodi kinyumenyume, ili relei inapoachia isirudishe msukosuko kwenye saketi inayoiendesha. Nikarekodi tena kwa simu: milisekunde 6. Kijana alikuwa amekaa kwenye benchi langu tangu saa nne asubuhi. Alipiga, akakanyaga, solo likatoka pamoja na mguu wake, na hakusema neno kwa muda.

Kisha tukasikia jambo jipya. Kila alipohama, spika ilitoa "tap!" nzito. Hapo mafundi wengi hukata tamaa na kurudisha kile kifaa cha polepole. Nikaweka mita kwenye mguso wa relei, mahali ambapo volti za moja kwa moja zinapaswa kuwa sifuri, nikasoma karibu mbili. Kapasita inayotenganisha valvu ya kwanza na hatua inayofuata, ya mikrofaradi 0.022, ilikuwa inavuja. Volti mbili zilikuwa zinangoja pale, na relei ilipofunga zilikimbilia ardhini kwa mkupuo mmoja, na spika ikatangaza. Fotorezista lile la polepole lilikuwa limezificha, huenda kwa miaka. Nadhani ndiyo maana lilichaguliwa: fundi yule alisikia mlio, akatafuta kitu cha kuupooza, akapata kimya.

Nilibadilisha kapasita kwa mpya ya volti 630. Mita ikasoma sifuri. "Tap" ikapungua ikawa kama ukucha juu ya meza, na bendi ikianza kupiga haisikiki. Ile ya zamani ninayo hapa mfukoni, pamoja na fotorezista na utepe wake. Nitavipitisha mkono kwa mkono mvitazame. Sanduku lenyewe liko kazini, ila kwenye meza hii kuna jingine lenye kimya cha milisekunde 900 ambalo bado sijalifungua. Mwenye simu ya kurekodi asogee mbele.